Mgonjwa Aliyeitwa kwa Jina Langu

Nilifika Bariadi siku ya nne tangu nitoke Newala, na kati ya siku hizo nne, moja nzima niliimaliza nikiwa nimekalia begi langu kando ya barabara karibu na Singida, basi likiwa limepasuliwa injini kama mbuzi wa sikukuu. Kwetu kusini nilikuwa natengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mtu mmoja niliyekutana naye Dar es Salaam aliniambia kwamba huko Usukumani watu wanalima pamba hadi mlangoni, kila kaya ina bomba la kunyunyizia dawa, na kila bomba linavuja. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonipandisha basi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sina mke, sina shamba, nina kidato cha nne na sanduku la spana, na nilikuwa mtu wa kusikia mahali panatajwa nikaanza kufunga begi. Nilipanga kukaa msimu mmoja. Nilikaa minne, na kama si muuza maziwa mmoja aliyekuwa mwenye nyumba wangu, nisingekaa hata miwili.

Mji mzima ulimwita Mama Maziwa, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Nilipouliza chumba pale stendi, mwendesha bodaboda mmoja aliniambia, "Chumba kipo, lakini ni kwa yule Mmang'ati." Aliisema "lakini" yake kama mtu anayekuonya kuwa paa linavuja. Baadaye nilikuja kujua kwamba wenyewe ni Wataturu, na kwamba hilo jina jingine watu hulitumia wanapotaka kutukana bila kuchoka. Katikati ya Wasukuma wengi namna ile, pamoja na Wakondoa na Wakurya na sisi watu wa mbali, yeye alikuwa Mtaturu peke yake mtaani. Alikuwa na duara za chale kuzunguka macho yote mawili, bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu, na mgongo ulionyooka kama anapimwa.

Hakuniuliza natoka wapi wala kabila langu. Alishika mikono yangu miwili, akainusa.

"Dawa," alisema.

"Ndiyo mama, mimi ni fundi wa mabomba ya pamba."

"Utanawa kwa majivu. Vibuyu vyangu hutavigusa. Ukigusa, maziwa yatajua."

Nikapewa chumba. Katika misimu yote minne sikugusa kibuyu hata kimoja, ingawa mara nyingi nilitamani kujua maziwa yangejuaje.

Kazi yake aliifanya kwa ukali wa mwalimu mkuu. Kila alfajiri alichoma kijiti cha mti alioujua mwenyewe, akasugua ndani ya kibuyu kwa kaa lake mpaka kikatoa harufu ya moshi mtamu, ndipo akamimina maziwa. Ng'ombe wenyewe walikuwa kijijini Nkoma kwa mwanawe, na maziwa yaliletwa kwa pikipiki asubuhi. Mwenye pikipiki akichelewa alikuta mama amesimama barabarani, mikono kiunoni. Akichelewa sana alimkuta amekaa, na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Sokoni walimpenda kwa maziwa na hawakumpenda kwa mengine. Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Rukia, mwenyeji wa Kondoa, mwenye duka la vitenge, ambaye hakuweza kunywa chai bila maziwa yale na hakuweza kuyanunua bila kusema neno.

"Umenawa leo, Mama Maziwa?"

"Nimenawa. Wewe umesali?"

"Nimesali."

"Basi wote tumefanya vya jana."

Mama Rukia alikuwa na sufuria maalumu ya kupokelea maziwa ya Mtaturu. Haikutumiwa kwa jambo jingine. Mama Maziwa alilijua hilo, na kila siku alilisifia kwa sauti kubwa: "Mama Rukia ananiheshimu! Mji mzima mimi peke yangu nina sufuria yangu!" Mama Rukia alipokea tu maziwa, maana kukataa ilikuwa kukiri.

Alikuwa na neno lake moja kwa kila habari. Ukimwambia mafuta yamepanda bei, au diwani ameoa tena, au kule Kasoli mvua imepiga pamba, alikuuliza tu, "Hilo nalo utalipeleka wapi?" Mwanzoni niliona ni dharau. Kisha nikaanza kujiuliza mwenyewe, na nikagundua kwamba habari nyingi nilizobeba maishani sikuwa na pa kuzipeleka.

Sasa niseme jambo la jina, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai, halitaji akiwa amekufa, na likitajwa mbele yake anafanya kama hakusikia. Mumewe alikuwa amefariki zamani na huyo mkwe zamani zaidi, lakini heshima ilikuwa bado mbichi. Tatizo ni kwamba mwanawe, alipomwandikishia kitambulisho, alimwandika majina matatu kama ofisi inavyotaka: lake, la mumewe, na la huyo mzee. Kwa hiyo mama alikuwa na kitambulisho asichoweza kukisoma kwa sauti hata kama angejua kusoma. Alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka mbali na kitanda, kama mtu anayelala chumba kimoja na mkwe.

Jambo la hospitali lilikuwa la kuchekesha zaidi, kwa mtu asiyejua mwanzo wake. Hakuna mtu mtaani aliyepeleka watu hospitali kama yeye. Mtoto wa jirani akipata homa, alikuwa wa kwanza kugonga mlango, akimwita mama mtu kwa Kisukuma: "Mayu, mtoto anaungua, wewe unakaanga nini hapo?" Siku za chanjo alipita nyumba kwa nyumba akiwatoa wanawake uani kama anatoa ng'ombe zizini. Mimi mwenyewe aliniburuta siku niliyojikata kidole kwa msumeno. Lakini alipofika getini alisimama. Miaka yote alisimama getini, akakaa chini ya ukuta wa nje, akasubiri wale aliowaleta watoke.

"Mbona wewe huingii, mama?"

"Sindano ya mtoto inaleta. Sindano ya mtu mzima inakuja kuchukua."

"Inachukua nini?"

"Kwani mimi ndiye niliyeitengeneza?"

Mwanzo wake alinieleza siku moja tukila michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa ya mgando, kwa sauti ile ile ya kunieleza habari za ng'ombe. Mtoto wake wa pili alikataa kutoka, wakambeba mpaka zahanati moja huko vijijini. Alikuwa amevaa sketi ya ngozi aliyovishwa siku ya kuolewa, ile ambayo kwao mwanamke akiipata hutunza kuliko anavyojitunza. Waliikata kwa mkasi. Wakaitupa pamoja na mashuka machafu. Wakamuuliza jina la ukoo, akanyamaza kama inavyompasa, na yule aliyekuwa anaandika akawaambia wenzake kwamba Mmang'ati huyu hajui hata ameolewa na nani. Wakacheka.

"Na mimi ningecheka," aliniambia, "kama nisingekuwa na mtoto njiani."

Kisha akaniongezea maziwa. Nikayanywa. Hilo sikuwa na pa kulipeleka.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa msimu wangu wa tatu. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba, na nilimsikia kila alfajiri. Alikuwa na sababu kila wiki. Kwanza ni vumbi la pamba. Kisha pilipili ya Mama Rukia, ambayo hata hakuila. Kisha mimi.

"Ni dawa yako, Fundi. Unaingia nayo nguoni."

"Mama, mimi ndiye ninayekaa nayo mchana kutwa, mbona sikohoi?"

"Imekuzoea."

Alikunywa mafuta ya kondoo na mizizi. Alipunguza sauti sokoni ili asikohoe, na Mama Maziwa asiyepiga kelele alikuwa jambo la kutisha kuliko kikohozi chenyewe. Wateja walianza kuuliza kama amegombana na mtu. Kilichonitisha mimi ni bangili. Siku moja aliinua mkono kunikaripia na bangili zote zikateremka mpaka kiwiko, zikapiga kelele, na sote wawili tukazitazama.

"Mama," nilisema, "twende."

"Unajua wakijua nina kifua itakuwaje?"

Nilijua. Mtu akiwa na kifua kikuu pale mjini walimtengea kikombe, na nyuma ya kikombe walimtengea na maneno, kwamba ana ule ugonjwa mwingine pia. Muuza maziwa mwenye kifua hangeuza hata tone. Na muuza maziwa Mtaturu mwenye kifua, hao waliokuwa wakimuuliza kila siku kama amenawa wangesema walijua tangu mwanzo. Yale maziwa ndiyo yaliyomweka mjini. Bila hayo angerudi Nkoma kukaa uani kwa mke wa mwanawe, mwanamke ambaye kwa maelezo yake alikuwa akisugua vibuyu kama anaosha miguu.

"Usipokwenda utakufa, na maziwa hayatauzwa vilevile," nilisema.

Alifikiri. "Hilo," alisema, "lina pa kwenda."

Akaingia getini kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, amejifunika khanga mpaka puani. Nilimpeleka mpaka kwenye benchi la dirisha la kifua, nikakabidhi kitambulisho, nikaenda kwenye mabomba yangu. Makohozi yake nilikuwa nimeyapeleka mimi kwenye kikopo wiki iliyotangulia, yakapimwa; siku hiyo ilikuwa ya kupewa majibu na dawa. Saa saba mchana hajarudi. Nikarudi mimi. Nikamkuta pale pale nilipomwacha, peke yake, amenyooka, anatazama ukuta.

Nesi wa dirishani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipokea kwa ukali. "Mgonjwa wako ametoroka. Nimeshaandika."

"Ametoroka kwenda wapi? Si yule pale?"

"Yule bibi wa bangili? Nimeita jina lake mara tano! Majina yote matatu, kwa sauti! Ananitazama kama natangaza matokeo ya mpira!"

Nikaenda benchini. "Mama, umeitwa."

"Anamtaja mzee wa watu mbele ya wagonjwa," alisema kwa hasira. "Mara tano! Hana baba huyu? Na nikiitika nitakuwa nimelipokea hilo jina. Bora nife na kifua."

Nikarudi dirishani, nikaeleza. Nesi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hajawahi kuambiwa, na kwamba sasa anaanza kuwakumbuka wengine aliowahi kuwaandika watoro. Kisha akapata wazo, akapaza sauti kwa furaha: "Basi nitakuita Mama Maz—"

"Weee!" Mama Maziwa alikuwa ameshafika dirishani kabla neno halijaisha. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na benchi la meno, na kwenye hilo benchi wateja wake watatu, mashavu yamevimba, masikio mazima. "Ukiniita hivyo, kesho maziwa yote nitakunywa mwenyewe."

"Sasa nikuiteje? Lazima niite! Huu ni utaratibu!"

Mama Maziwa aliangalia huku na huku. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona kabla hajasema.

"Ita Fundi Bomba."

"Mama!"

"Si utakuwa unanisindikiza? Unaitwa wewe, unachukua, unanipa. Nani ana shida na wewe?"

Nesi alituangalia mmoja mmoja. Alisema kwenye kitabu mgonjwa atabaki yule yule, lakini mgonjwa anatakiwa kuwa na msimamizi wa kumwangalia akimeza dawa kila siku kwa miezi sita, na msimamizi anaweza kuitwa dirishani, hilo halikatazwi. Akachukua kalamu. "Fundi, unakubali? Miezi sita?"

Nilikuwa sijawahi kumwahidi mtu miezi sita. Hata wanawake niliowapenda niliwaahidi mpaka mwisho wa mvua. Nikasema ndiyo, na nesi, ili ajaribu utaratibu mpya, akaweka mkono mdomoni akaita: "FUNDI BOMBA! DAWA ZA KIFUA!"

Benchi zima la meno likageuka.

Nilipofika mtaani, habari ilikuwa imeshakaa na kunywa chai. Nesi alinipima na mimi, kwa kuwa tulikaa nyumba moja, na nilikuwa mzima kama kigongo, lakini nani angeamini? Mama ntilie wangu alininunulia kikombe kipya cha plastiki chekundu, akakitundika msumarini nje. Wakulima waliniletea mabomba yao wakiyasukuma kwa mguu. Bodaboda wakawa wananiambia nikae nyuma kabisa, nisiongee njiani. Kulikuwa na mwanamke mmoja kule Lamadi, muuza samaki, tuliyekuwa tumeanza kuelewana vizuri. Alinitumia ujumbe wa pole, na ujumbe wa pili ukawa wa kwaheri.

Mama Maziwa, kwa agizo la nesi, alijitenga majuma mawili ya mwanzo mpaka dawa zishike. Sokoni alitoa taarifa ya msiba. Alimuua mjomba wake wa Nkoma, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ameshakufa. Alipotoka, nesi akiwa amemruhusu, sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, na aliitumia juu yangu.

"Mpangaji wako ana kifua?" Mama Rukia alimuuliza, ameziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Maskini kijana wa watu," Mama Maziwa alisema, akatikisa kichwa. "Sijui alikitoa wapi. Anatembeatembea sana."

"Na unakaa naye?"

"Nimechora mstari."

Na ni kweli alichora. Jioni ya siku ya kwanza ya dawa nilirudi nikakuta mstari wa majivu umekata ua katikati, kutoka bafuni mpaka ukutani, ili majirani waone kwamba maziwa yako salama na mpangaji. Kwa hiyo kila asubuhi mimi mzima nilisimama upande huu, yeye mgonjwa upande ule, nikamnyooshea vidonge juu ya mstari, akavimeza nikimtazama, akanifokea, "Rudi nyuma, jirani anachungulia!"

Tuligombana mara moja tu kwa hasira ya kweli. Ilikuwa wiki ya kwanza kabisa, bado akiwa amejifungia ndani kwa ule msiba wa mjomba. Alinigongea dirisha alfajiri, amevaa sketi ya ngozi mpya aliyoshonewa baadaye na dada zake, ambayo hakuivaa ila kwa jambo zito.

"Wamenichukua," alisema.

"Nani?"

"Damu yangu. Nimeiona. Inatoka na haja ndogo. Nilikwambia inakuja kuchukua! Nilikwambia!"

Akatupa vidonge vya siku hiyo uani. Siku mbili hakumeza. Nilimwambia mimi ndiye msimamizi, akaniambia nikasimamie mabomba. Nilimwambia nimeuza sifa yangu mji mzima kwa ajili yake, akasema sifa gani. Ndipo nilipokwenda kwa nesi na kumletea ukali wote niliokuwa nao, na nesi akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Hakuambiwa?" aliuliza.

"Nani angemwambia? Mlikuwa mnatafuta jina!"

Alifunga dirisha akaja na mimi kwa miguu, hali watu wanatuangalia na kuhesabu siku zangu za kuishi. Uani aliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akavuka mstari bila kuuona, akaomba kikombe cha maziwa. Mama Maziwa akampa kwa kinyongo. Nesi akaponda kidonge kimoja kwa kijiko, akakitia ndani, akakoroga. Maziwa yakageuka rangi ya udongo mwekundu wa barabara ya Maswa.

Mama Maziwa aliyaangalia maziwa yale kwa muda mrefu. Alikuwa ameangalia maziwa maisha yake yote na hayakuwahi kumdanganya. Alikinusa kikombe. Alikigeuza mwangani.

"Ni rangi ya dawa," nesi alisema. "Inapita, inatoka. Damu yako iko pale pale. Tulitakiwa tukwambie siku ile ile. Hatukukwambia. Kosa ni letu, mayu."

Mama Maziwa akanigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema kosa ni lao."

"Nimemsikia. Nataka kusikia tena."

Nesi akarudia. Mama Maziwa akaenda ndani, akatoka na kibuyu kidogo, akampimia maziwa bure, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Kisha akameza vidonge vya siku hiyo na akauliza kama anaweza kumeza na vya siku mbili zilizopita. Akaambiwa hapana. Akasikitika, kama mtu aliyenyimwa nyongeza.

Toka siku hiyo hakuruka hata moja. Ila umaarufu wangu haukupungua, na yeye hakufanya lolote kuupunguza. Alijua anachonifanyia. Nyama ilianza kuonekana kwenye ugali wangu wa jioni, chai yangu ikawa nzito, na siku moja nilikuta shati langu limeoshwa, limeanikwa upande wangu wa mstari. Kusema hakusema. Mara moja tu nilimwambia, "Mama, miezi hii ikiisha, utawaambia watu ukweli?" Akaniuliza hilo nalo atalipeleka wapi. Akaniongezea kipande cha nyama, nikaacha.

Miezi sita iliisha. Makohozi yakarudi safi. Nesi aliandika "amepona" kwenye kadi, akaniita kwa mara ya mwisho, tena kwa sauti, "FUNDI BOMBA! UMEPONA!" na watu wawili benchini wakanipigia makofi. Bangili zilikuwa zimerudi mahali pake mkononi.

Na mimi nikaanza kuwashwa na miguu. Kusini korosho zilikuwa zinakaribia kuchanua, ndugu yangu alikuwa amepiga simu, na mabomba ya Bariadi hayakuja tena kwa wingi hata baada ya kupona kwangu, kwa sababu watu husahau upesi kupona kwa mtu. Nilifunga begi. Nilimuaga mama jioni, akasema "Haya," akaendelea kusugua kibuyu.

Asubuhi nilikuwa stendi, begi limeshapakiwa, nasubiri basi lijaze. Mama Rukia alinijia. Sikumtegemea. Kitenge kilikuwa kimemziba mdomo kama kawaida yake mbele yangu, lakini alisogea karibu, akanivuta kando, akakiteremsha. Alikuwa amekonda. Sikuwa nimemwangalia vizuri kwa miezi.

"Fundi," alisema kwa kunong'ona, "wewe ulikuwa nacho, na umepona." Akakohoa ndani ya kiganja, muda mrefu, macho yakamtoka machozi. "Nina miezi mitatu. Hata Rukia sijamwambia. Nikionekana pale dirishani, duka langu limekwisha. Niambie tu ni dawa gani, ninunue kimyakimya."

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, uongo niliuzoea mpaka ukawa unatoka wenyewe.

"Huyo usimuulize, hajui kitu," sauti ilisema nyuma yetu.

Mama Maziwa alikuwa amesimama na kopo lake la maziwa kichwani, akiuza stendi kama kila siku, wala hakuja kuniaga.

"Huyo hajaumwa hata mafua," alisema. "Aliyeumwa ni mimi."

Hakunong'ona. Hakuwa na sauti ya kunong'ona, na ile aliyopewa na dawa ilikuwa kubwa kuliko ya zamani. Bodaboda wote waligeuka. Mpiga debe akasahau anaita gari la wapi. Mama Rukia alimtazama kuanzia zile chale za macho mpaka miguuni, akatazama kopo, na nikaona anapiga hesabu ya chai zote alizokunywa.

"Wewe?"

"Mimi. Miezi sita. Huyu alikuwa anaitwa tu. Sasa twende."

"Wataniona, Mama Maziwa!"

"Watakuona. Mimi nitakuwa mbele, wataanza na mimi."

Akamshika mkono, kama nilivyomwona akiwashika wanawake wa chanjo, na Mama Rukia, mwenye sufuria maalumu, hakuutoa. Walipopita kwenye pikipiki, yule bodaboda aliyenielekeza chumba siku ile ya kwanza alikuwa bado ameshika kikombe chake mkononi. Alikitazama. Akamtazama mama. Kisha akakinyoosha, polepole, wenzake wote wakimwangalia.

"Mayu, na mimi hujanipimia."

"Leo siuzi," Mama Maziwa alisema bila kusimama. "Leo nina mgonjwa."

Basi likapiga honi. Nikapanda, nikakaa dirishani, nikainua mkono. Walikuwa wameshafika kona ya hospitali, mmoja anavuta, mmoja anavutwa, na hakuna aliyegeuka.